Mkurugenzi Amesusa

Mkurugenzi alikataa chakula tena jioni ile. Aliletewa panzi mbichi kabisa, amebanwa kwa kibano cha nyusi, akapitishwa taratibu mbele ya pua yake. Mkurugenzi akamtazama panzi, akamtazama mama aliyemleta, kisha akageuka na kuwapa wote mgongo.

Alikuwa na haki ya kuringa. Si kila mjusi wa ukutani anayehamishiwa kwenye sanduku la kioo, akatandikiwa mchanga, akawekewa kijiti cha kuegemea na kifuniko cha chupa chenye maji. Jina lenyewe alipewa na babu wa nyumba hiyo, enzi za uhai wake, kwa sababu alikuwa akishinda juu ya saa ya jikoni bila kazi yoyote, akitikisa kichwa kukubali mambo asiyoyajua.

"Hajala, mama," binti alisema. "Akifa kama babu?"

"Hafi. Tupo sisi." Mama akasogeza sanduku katikati ya meza, pale palipokuwa pakiwekwa sahani ya babu. "Labda kasahau namna ya kula. Hebu mwoneshe."

Binti akachota wali, akaupeleka mdomoni polepole mbele ya kioo. "Tazama, Mkurugenzi. Unafungua. Unatafuna. Unameza. Kazi gani hapo?"

"Hakuwa anaangalia," mama akasema. "Mwoneshe tena."

Wifi mtu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Huyu alirudi juzi kuja kumsaidia mke wa kaka yake, na hadi sasa msaada wake mkubwa ulikuwa maoni.

"Jamani, ya leo kali! Mjusi anafundishwa kula kwa chakula cha binadamu! Mtoto mwenyewe shingo kama bua, gauni la shule umelipunguza kiuno mpaka mishono inagombana, halafu wewe, mama mzima, unamlilia mdudu wa ukutani? Ndiyo mliyofundishwa huko shuleni?"

"Wifi, sema taratibu. Atakusikia."

"Nani, mtoto?"

"Mkurugenzi. Ana moyo mwepesi."

Wifi akafyonza, akavaa ndala zake, akatoka. Alirudi na jirani wa mlango wa pili, daktari wa mifugo, mtu aliyezoea kuzalisha ng'ombe na sasa alikuwa anaombwa aketi mbele ya mgonjwa mwepesi kuliko funguo zake. Wifi hakumleta kwa huruma. Alimleta ili aibu ya nyumba ipate shahidi mwenye shahada.

"Haya daktari, mpime mheshimiwa. Mkia mnene kama karoti, lakini tunaambiwa anakufa kwa njaa."

Mama aliinuka haraka kuandaa chai. Hakuna aliyeomba chai.

Daktari akainua sanduku, akaligeuza kwenye mwanga wa taa. Akakunja uso. "Lakini mama, huyu mjusi mbona ame..."

Chai yote aliyoileta mama ikamwagikia suruali ya daktari.

"Uwii! Samahani, daktari! Sijui mikono yangu leo ina nini!"

Ile mikono ilikuwa ya fundi cherehani, iliyotunga uzi kwenye tundu la sindano huku mwenyewe akipiga soga na wateja.

"Sasa umemuunguza na daktari!" wifi akapiga makofi. "Bado mimi tu!"

Daktari alijifuta suruali. Akamtazama mama, ambaye hakuwa anaitazama suruali hata kidogo. Akamtazama binti. Kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani, macho yameganda kwenye midomo ya daktari. Daktari akakohoa.

"Hali si nzuri," akasema. "Mkia umekonda."

"Umekonda?" wifi akaruka. "Mkia huo huo?"

"Dada yangu, wewe umesomea mifugo?"

Wifi akaishia kufyonza, jambo ambalo lenyewe lilistahili kusherehekewa.

"Dawa hakuna," daktari akaendelea, sasa akiongea na binti peke yake, kama watu wawili wa kazi moja. "Aoneshwe tu. Asubuhi na jioni. Na anayemfundisha asichoke, maana mijusi wana vichwa vigumu."

Binti akatikisa kichwa kwa uzito wa mtu aliyekabidhiwa ofisi. Akavuta sahani karibu. "Umesikia, Mkurugenzi? Tunaanza upya. Angalia meno yangu."

"Mmelogwa nyote," wifi akatangaza, akaenda zake kulala.

Asubuhi, binti alipokwenda shule na wifi kwenda sokoni kuwasimulia wengine, mama alifunga mlango kwa komeo. Akaingiza mkono chini ya cherehani, akatoa kopo lenye matundu kwenye kifuniko. Ndani panzi walikuwa wanarukaruka.

Mkurugenzi hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa ameshafika kwenye kioo, mdomo wazi, anasubiri kama kawaida yake ya kila asubuhi. Panzi wa kwanza alimezwa mzimamzima. Wa pili naye hakupata nafasi ya kuaga.

"Kula, baba, shiba," mama alimnong'oneza. "Jana mtoto amemaliza sahani. Sahani nzima! Tangu tumzike babu yake sijaona. Kwa hiyo jioni, tafadhali sana, nikikuletea kitu usiguse."

Akalificha kopo, akaketi, akavuta gauni la shule la pili, akatafuta wembe, na kuanza kufumua kiuno alichokuwa amekipunguza.