Majina Kumi na Mawili

Macaron zilikwisha kabla jina la Kavugho halijaitwa.

Msimamizi alisimama mlangoni mwa kituo cha mtihani, Kirumba, akigawa hizo macaron, kadi ndogo zenye picha na namba ambazo bila hizo hakuna anayeingia kufanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Alifika ya kumi na tisa, akafunga bahasha. Wanafunzi wa mwaka wa sita waliotoka shule ya mlimani walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na wawili walibaki uani na mashati yao meupe yaliyopigwa pasi alfajiri.

Kavugho aliwatazama wenzake walioachwa. Wote walikuwa wa darasa la Jumamosi.

Mwaka uliotangulia shule yao ilifaulisha tisa tu kati ya thelathini na wanne. Bureau ya elimu ikaonya kwamba matokeo yakiwa tena chini ya nusu, mwaka wa sita utafungwa, na watoto wa mlimani watashuka kusomea Kirumba, saa tatu kwa miguu. Ndipo Madame Débora, directrice wa masomo na msaidizi wa mkuu wa shule, alipowaita kumi na wawili waliokuwa nyuma katika hesabu, akaanza kuwafundisha kila Jumamosi bila kuombwa na mtu. Tangu mwezi wa tatu mpaka siku ya mwisho hakukosa, hata juma lile mvua ilipochukua daraja. Aliwaletea viazi vitamu vya kuchemsha. Kavugho, aliyezoea kupata mbili juu ya ishirini, alifika kumi na tatu.

Siméon, préfet, yaani mkuu wa shule, hakuwa mtu wa kupendwa. Waliochelewa aliwarudisha nyumbani, na katika kila mkutano wa wazazi alizungumzia pourcentage, asilimia ya wanaofaulu. Asubuhi ile aliitwa kwa simu, akafika kwa pikipiki, suruali imejaa matope.

"Mimi nilituma majina ya bote thelathini na moja," alisema.

Hakuna aliyemsadiki. Madame Débora alimkumbatia Kavugho palepale uani, akalia naye. Wazazi walipomuuliza nani amekata majina, aliwajibu kwa sauti ya chini.

"Munajua ni nani anapenda pourcentage."

Kesho yake Siméon hakuonekana shuleni, wala siku iliyofuata. Ikasemwa amekimbia. Kavugho ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita wazazi. Siku ya tatu pikipiki ya préfet ilipopanda mlima, ilikuta meza yake, vitabu vyake na godoro lake kando ya barabara, na watu zaidi ya mia wakimsubiri.

Alishuka, akainua mkono kuomba kusema. Kavugho akaanzisha wimbo. Wote wakaitikia, na kila alipofungua mdomo waliimba kwa nguvu zaidi. Mke wake, Bénite, alisimama karibu na godoro, uso ameufunika kwa kitenge. Mwishowe Siméon aliacha kujaribu. Walipakia walichoweza, wakaenda Beni, kwa ndugu zake wa Mulekera. Kavugho aliimba mpaka sauti ikamkauka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mtihani moyo wake ulitulia.

Matokeo yalipotoka, shule ya mlimani ilikuwa imepeleka watahiniwa kumi na tisa, na wote kumi na tisa walikuwa wamefaulu. Hakukuwa na shule nyingine katika eneo lile iliyopata mia kwa mia. Mwaka wa sita haukufungwa. Madame Débora akafanywa préfet, na siku ya kukabidhiwa ofisi Kavugho na wale wenzake kumi na mmoja walikaa mstari wa mbele, wakampigia makofi.

Mwezi wa kumi Kavugho alikwenda Butembo kujiandikisha kama autodidacte, yaani mtahiniwa asiye na shule. Karani wa bureau, mzee aitwaye Phinées, alitafuta jina lake katika mafaili ya mwaka uliopita, akatoa faili moja jembamba.

"Weye ni wa ile shule ya mulimani," alisema. "Majina yenu bote ilikuwa mu liste. Kisha ikakuja barua ya kuyatosha."

Kavugho alisema anaijua hiyo barua iliyoondoa majina yao. Ni barua ya préfet.

"Hapana, mwana wangu. Ya directrice."

Aliigeuza juu ya meza ili asome. Madame Débora alikuwa ameomba wanafunzi kumi na wawili dhaifu wabakizwe mpaka mwaka ujao, ili shule iokoke. Saini ilikuwa yake, na muhuri wa shule ulikuwa juu yake. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa pili, majuma mawili kabla ya Jumamosi ya kwanza.

Kavugho aliisoma mara mbili. Mzee alimwacha amalize, kisha akamuuliza jambo ambalo lilionekana kumsumbua siku nyingi.

"Préfet wenu alikuja hapa kesho yake ya mutihani. Alikaa siku mbili ku mulango akiniomba ile barua. Nikamupatia copie aende kuwasomea bazazi. Hakubasomea?"