Mfuniko Namba Kumi na Nne

Kilichomsumbua Hashimu ni lile tawi la mwarobaini.

"Mtu anaiba mfuniko wa mtaro," alisema, "halafu anachomeka tawi kwenye tundu ili wapita njia wasitumbukie. Mwizi gani huyo?"

Kikundi cha kujitolea cha mtaa, watu kumi na wawili na vizibao vyao vya njano, kilikuwa kinakoroga zege la mfuniko mpya mbele ya duka la vifungo na zipu la Mama Allen, hapa hapa Kariakoo. Kila mmoja alishakuwa na jibu lake, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Lucky, mtu mzima wa miaka hamsini, anazunguka na mkokoteni akinunua vyuma chakavu. Nani asiyejua kuwa watu wa skrepa huvunja zege wakachukua nondo? Basi ni yeye, kesi imekwisha. Kariakoo hatuna muda wa kupoteza.

Mama Allen alikuwa ndani, anatenga vifungo vyeusi na vyeupe. Kopo lilelile tangu Jumatatu. Kwenye msiba wa mumewe hakulia, watu wakamsifu kwa ujasiri. Ujasiri gani? Hakuwa anasikia kitu, kama mguu ulioukalia ukafa ganzi.

Ilikuwa wiki ya sita sasa. Asubuhi ile ya masika maji yalipanda mpaka magotini, lami na mtaro vikawa kitu kimoja. Tawi ambalo watu waliliona jana yake lilishabebwa na maji. Gaudens, mumewe, alitoka kumsaidia jirani kuokoa boksi la mzigo. Hatua ya tatu hakuonekana tena. Lucky ndiye aliyekimbia kuufuata mtaro, akimwita, na ndiye aliyeukuta mwili wake bonde la Jangwani, mtaro unakoishia.

Kilichowauma zaidi wanakikundi ni kwamba mtaro ule waliufunika wao wenyewe. Desturi yao ni moja: anayetoa saruji, jina lake linachorwa kwa msumari kwenye zege bichi, pamoja na namba ya mfuniko. Namba kumi na nne ulikuwa wa Gaudens. Alitoa mfuko mzima, akaliandika jina kwa mkono wake, na wateja wote wa duka walionyeshwa. "Ule pale wangu," alikuwa akisema, utadhani ana nyumba ya ghorofa.

"Kuzama kwenye tundu la mfuniko wako mwenyewe," alisema Zamzam, katibu wa kikundi, akifuta zege viganjani. "Jamani."

Hashimu akaingia dukani, mtaimbo mkononi. Ilibidi anyanyue mguu, maana kizingiti cha Mama Allen kilikuwa kirefu. Kilijengwa siku mbili kabla ya mafuriko, kikapigwa plasta na rangi ileile ya ukuta. Maduka yote ya safu hiyo yaliingiwa na maji mwaka huu isipokuwa hilo.

"Shemeji, pole na kazi."

"Nimeshapoa."

"Nimetumwa neno moja. Lucky bado anakataa. Mkokoteni wake tumeuzuia wiki ya tano hii, na kwake wanalalia uji. Mjumbe wa mtaa anataka apelekwe polisi leo. Wewe ndiye mfiwa. Ukisema aende, anaenda."

Mama Allen alitazama nje. Lucky alishasimama, kofia mkononi.

"Mama Allen, mimi sikuugusa," alisema. "Gaudens alikuwa ananipa chai kila asubuhi. Nitamfanyia hivyo kweli?"

"Najua," alisema Mama Allen.

Wote walilichukua kama neno la pole. Mama Allen akavifunika vifungo, akalisukuma kopo pembeni, akanyoosha mkono.

"Shemeji, nipe huo mtaimbo wenu."

Hashimu alisita. Mfiwa ganzi ikimtoka, hujui itamtokea wapi. Lakini mwanamke mwenyewe alikuwa ametulia, mkono umenyooka vilevile. Hashimu akampa. Huko nje Lucky alirudi nyuma hatua mbili, na mtu mmoja akamshika bega asikimbie.

Mama Allen hakutoka. Alifika mlangoni, akakunja mkeka uliotandikwa juu ya kizingiti, akakipiga. Plasta ikapasuka. Akapiga tena, tena, bila haraka, namna mtu anavyotwanga mahindi. Kipande kikubwa cha plasta kikadondoka upande wa barabarani, kwenye miguu ya Zamzam.

Zamzam aliinama kukiokota. Hakukiokota. Akabaki ameinama vilevile, anatazama kwenye zege lililobaki wazi, ambako kulikuwa na maandishi ya msumari: 14. GAUDENS.

Makoleo yakanyamaza moja baada ya jingine. Aliyekuwa amemshika Lucky bega akamwachia.

"Mume wangu alisema saruji ni yetu, tuuazime mfuniko tu mpaka mvua ziishe," alisema Mama Allen. "Tawi alichomeka mwenyewe."

Akaegemeza mtaimbo ukutani. Akainama, akaweka kiganja kwenye ncha moja ya kizingiti.

"Tulipoubeba, kule alishika yeye," alisema. "Huku nilishika mimi."