Ngazi ya Makame

Siku kampuni ilipozindua chaneli mia mbili, runinga za mji mzima zilizimika. Waya wa kwanza kabisa, uliokuwa bado unalisha mitambo yote mipya, ulikuwa umekatika juu ya paa la Bi Mize, pale alipoufunga marehemu mumewe, Makame, fundi wa kwanza wa kampuni.

Haroub, mwenye kampuni, alifika mwenyewe, suti imelowa jasho.

"Bi Mize, nakuomba. Mafundi wako mbali, na wageni wameshakaa."

"Basi panda wewe."

Akamtolea ngazi iliyomwangusha Makame. Kidato cha saba bado kilishikiliwa na kamba.

Haroub akakitazama. "Hii nzima kweli?"

"Si wewe uliyemwambia Makame ni nzima?"

Haroub akaanza kupanda. Bi Mize, koleo la marehemu la kukatia waya amelifutika kiunoni, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akawa anavihesabu vidato kwa sauti.