Mzeituni wa Babu Zao

Pimbi na Nungunungu walikuwa na mzeituni mmoja, na kila mmoja aliapa kwamba babu yake ndiye aliyeupanda.

"Babu yangu kazikwa hapa chini," alisema Pimbi. "Nitachimba nikuonyeshe mifupa yake!"

"Chimba tu," alijibu Nungunungu. "Chini ya babu yako utamkuta babu yangu."

Basi wakachimba, huyu upande huu, yule upande ule, na kila mzizi uliowazuia wakaukata. Siku ya saba mzeituni ukaanguka, puu! Ukamwangukia Ngamia aliyekuwa amelala kivulini.

Ngamia akainuka na matawi shingoni, macho mekundu. "Mti huu wa nani?"

"Wa Nungunungu, mzee," Pimbi akawahi. "Aliupanda babu yake kwa mkono wake mwenyewe. Nani asiyejua?"

"Mwongo huyo, mzee! Mti ni wa kina Pimbi tangu dunia iumbwe. Mimi hapa mgeni, nimepita kusalimia tu."

Ngamia akasonya. "Mngeambiana haya jana, mti ungekuwa umesimama, na mimi ningekuwa bado nimelala."