Nyonga ya Kushoto

Mkanda wa kiunoni unaopima mkao wa mwili ulilia tii, tii, gizani, na Saumu akajua hata kabla hajawasha taa kwamba nyonga yake ya kushoto imepanda tena. Siku hizi mwalimu wa mazoezi ya kurekebisha mwili hapewi leseni mpaka mkanda wake mwenyewe unyamaze siku saba mfululizo. Yeye alishaanza upya mara nne, na darasani ndiye aliyewanyoosha wenzake migongo!

"Mazoezi unayapatia," Mwalimu Kitwana alimwambia juzi. "Tatizo ni huyo mtoto unayembeba ubavuni. Mtue, mama Nasra."

"Nimtue vipi, mwalimu? Ana miaka mitatu tu!"

Sasa akalala chali sakafuni, akainua kiuno, akahesabu pumzi kwa hasira. Tii. Akaupiga mkanda kofi.

Nasra akatokea mlangoni akifikicha macho. Saumu akapiga magoti, akamnyooshea mikono kama kila alfajiri. Mtoto akarudi nyuma, akabana mgongo ukutani, wima kabisa. Kiunoni mwa Saumu, mkanda ulikuwa kimya.

"Usinibebe, mama, utapinda."