Doa Lisilowaka

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, koti jeupe mkononi, akafunga mlango wa chumba cha giza kama mtu aliyekimbia mvua.

"Wewe ndiye binti wa ile mashine mpya?"

"Ndiye mimi. Shikamoo." Daktari wa picha aliinuka. Alikuwa mpya kazini bado, na sura hii hakuijua.

"Marahaba. Mimi mpasuaji, hospitali ya ng'ambo ya daraja. Nifungulie picha hii." Akamtajia namba.

Wagonjwa walipigwa picha chumba cha pili. Kwa daktari zilifika namba tupu, bila jina, jicho lisije likapendelea.

"Uvimbe wa kongosho," alisema mgeni. "Anapasuliwa kesho. Picha ya CT ya mashine ya kawaida nimeisoma mwenyewe, sikuona mshipa ulioguswa. Mkewe ameshamkunjia nguo za wodini, anaimba jikoni."

"Ni ndugu yako?"

"Tumekula sahani moja tangu utoto." Alicheka kidogo, kiganja chini ya mbavu. Chai aliyosogezewa hakuigusa. "Ila niahidi jambo dogo. Ukiona kitu, mgonjwa aambiwe leo hii, kwa mdomo wako. Bila kupaka asali."

"Mimi? Kwa nini si wewe, mzee wangu?"

"Mimi nitadanganya."

Daktari aliahidi, huku kimoyomoyo akiomba asione kitu.

Mashine ile ilitenganisha mionzi hafifu na mikali, ikaonyesha dawa iliyodungwa mwilini imefika wapi na wapi haikufika. Kongosho liliwaka kama kaa la moto. Katikati yake palikuwa na doa lisilowaka. Hilo walilitarajia. Akashusha picha taratibu hadi kwenye mshipa mkubwa, akaisimamisha hapo. Giza lilikuwa limetoka nje ya uvimbe, likauzunguka mshipa kama ngumi iliyoshika fimbo.

Akarudia. Akaigeuza picha upande huu na ule. Kumpinga mpasuaji mwenye mvi si mchezo, na akikosea atakuwa amemnyima mtu kisu cha kumwokoa. Lakini giza halikusogea.

"Sema," mgeni alinong'ona.

"Uvimbe umeukumbatia mshipa, zaidi ya nusu. Kesho asipasuliwe. Mtafungua, mtafunga tena, na nguvu zake za kupokea dawa zitakuwa zimekwisha. Aanze dawa kwanza. Pengine uvimbe utalegeza mkono." Akageuka kumtazama mgeni. "Pengine. Zaidi ya hapo nitakuwa naongopa."

Mgeni aliitazama skrini, kisha akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi asilolipenda.

Daktari akafuta macho, akavaa koti lake. Kazi ya picha aliichagua ili asije hata siku moja akauona uso wa mtu akipokea habari kama hii. Lakini alikuwa ameahidi.

"Nipeleke kwake. Yuko wodi gani?"

Mgeni hakuinuka. Alikunja mkono wa shati, akabandua plasta ndogo ndani ya kiwiko, palipodungwa dawa ya picha asubuhi ile.

"Kaa, mwanangu. Umeshamwambia."