Pawabenki ya Bi Mafunda

Kabla ya kuuza pawabenki yoyote, Sikitu huichomekea simu, husubiri kidogo, kisha huigusisha shavuni kama mama anayepima homa ya mwanawe. Anaziunda mwenyewe kwa betri za kompyuta mbovu na kuzifungia ndani ya visanduku vya sabuni. Ikimchoma shavu, anaifungua upya.

Asubuhi hiyo jirani yake, Bi Mafunda, aliirudisha ya kwake.

"Umeiharibu, mwanangu. Imekufa."

Sikitu alishangaa. Juzi tu aliikagua, akaiona inachemka kupita kiasi, akang'oa nyaya nyembamba na kuweka nene. Aliichomekea simu, nayo ikaanza kujaa palepale.

"Mbona nzima, bibi? Sasa inajaza haraka kuliko mwanzo."

"Simu inajaa. Yenyewe ndiyo haipati joto." Bi Mafunda alitazama pembeni. "Nilikuwa nalala nimeishika. Tangu mzee aondoke, mkono huu unaamka na baridi."

Sikitu alilifikiria godoro la sufi la bibi, na zile nyaya nyembamba ambazo usiku wowote zingeweza kuliwasha. Hakuwahi hata kumwuliza bibi huwa anaiweka wapi.

"Nirudishie ilivyokuwa," Bi Mafunda alisema.

"Hapana, bibi. Hiyo siwezi."

Aliichomoa simu, akaigusisha pawabenki shavuni kwa mazoea. Ilikuwa baridi. Akaiweka mezani, akauchukua mkono wa Bi Mafunda, akauweka shavuni palepale.

"Ngoja kwanza," alisema, kama bado anapima, na Bi Mafunda akangoja.